Kutoka kazi ya wazee hadi leseni ya PTA: shajara ya mafunzo, Minnesota 2021–2024

Shajara hii ni ya wenzangu tunaobeba boksi kwenye nyumba za wazee huku Marekani, ambao hawaishi kuniuliza, "Dada, ile kozi yako ya mazoezi ya viungo inaingiwaje?" Naongeza sehemu kila hatua inapokwisha. Gharama nilizoandika ni zangu na za jimbo la Minnesota. Kwenu zinaweza kuwa juu au chini.

Kwa asiyejua: PTA ni msaidizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaalamu mwenyewe, PT, ndiye anayempima mgonjwa mara ya kwanza, anaandika mpango wa tiba, na yeye tu ndiye mwenye ruhusa ya kuubadilisha. PTA anautekeleza: anamfanyisha mgonjwa mazoezi, anamfundisha kutembea upya, anapima maendeleo na kuandika ripoti. Unasoma chuo miaka miwili, unafanya mtihani wa taifa, kisha unaomba leseni ya jimbo. Kazi yenyewe si ya zamani. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1969 katika vyuo viwili, kimoja Miami, kingine hapa hapa Minneapolis. PT siku hizi anasoma mpaka shahada ya udaktari, miaka kama saba baada ya sekondari. Mimi nina watoto na shifti za usiku. Miaka saba sina.

## Septemba 2021: kutafuta chuo

Nusura nilipe pesa mahali pasipo. Kuna chuo cha binafsi kilikuwa kinatangaza kozi ya "msaidizi wa tiba ya viungo", wiki chache tu, dola 1,400, na cheti unaondoka nacho. Kilichoniokoa ni swali nililomuuliza PT wa pale kazini: mwenye cheti hiki anapewa leseni? Akacheka. Huyo ni mhudumu wa chumba cha mazoezi: anafuta vitanda, anasukuma viti vya magurudumu, anapanga vifaa. Ni kazi halali, lakini mshahara wake ulikuwa chini ya ule ninaoupata sasa kama CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, na haina ngazi ya kupandia.

Neno la kutafuta ni CAPTE. Hiyo ni tume inayotoa ithibati kwa vyuo vya PT na PTA. Chuo kisicho na ithibati hiyo hakikufikishi kwenye mtihani wa leseni, hata usome mpaka uote mvi. Uzuri ni kwamba CAPTE inavilazimisha vyuo kuweka matokeo yao hadharani. Kwa wastani wa miaka miwili, angalau asilimia 85 ya wahitimu wanaofanya mtihani wa leseni wawe wameufaulu hatimaye, na angalau asilimia 60 ya walioanza kozi ya PTA wawe wamemaliza. Hiyo 60 isomeni mara mbili. Kiwango kinaruhusu wanne katika kila kumi waishie njiani, na chuo kikabaki na ithibati yake. Kwa hiyo usiulize tu "wangapi wanafaulu mtihani", uliza na "wangapi wanafika kwenye mtihani". Chuo cha kwanza nilichokipenda kilikuwa na ufaulu mzuri sana kwa sababu kilikuwa kinawachuja watu vikali kabla ya mwisho.

Nilichagua chuo cha jamii cha serikali, kidogo zaidi ya dola 200 kwa kila krediti. Vyeti vyangu vya kidato cha nne na cha sita vilibidi vipite kwenye kampuni ya kutathmini vyeti vya nje: dola 230 pamoja na kusafirisha. Anza hilo mapema, maana bahasha kutoka nyumbani ina mwendo wake.

## Mei 2022: masomo ya awali yamekwisha

Kabla ya kuomba nafasi ya PTA kuna masomo ya lazima: anatomia na fiziolojia, Kiingereza cha kuandika, saikolojia, hesabu, istilahi za tiba. Yote yalipita kimyakimya isipokuwa anatomia.

Nilisoma anatomia kama tulivyosoma baiolojia ya sekondari, kwa kukariri. Majina ya Kilatini niliyajaza kwenye madaftari mpaka yakamwagika. Mtihani wa maabara ukaja: unazunguka mezani, kila kituo kuna mfupa au mfano wa msuli wenye kibendera, unaandika jina, kengele inalia, unasonga. Majina nilikuwa nayo, lakini mfupa ukigeuzwa kidogo tu siujui ni wa kulia au wa kushoto. Nilipata asilimia 58.

Dawa ilikuwa kuacha orodha na kurudi kwenye mwili. Nilinunua kalamu za kupaka usoni, zile za watoto, nikawa najichora. Msuli unaanzia wapi, unashikia wapi, kwa hiyo ukijikunja unavuta nini kuelekea wapi. Ukilijua hilo, huhitaji tena kukariri kazi ya msuli, unaiona. Msuli wa pembeni ya nyonga, gluteus medius, niliuelewa siku niliposimama kwa mguu mmoja mbele ya kioo na kushika kiuno. Msuli huo ukiwa dhaifu upande wa mguu uliosimamia, nyonga ya upande wa pili inadondoka. Ndiyo maana mkongojo unashikwa kwa mkono ulio kinyume na mguu mgonjwa, jambo ambalo kwenye filamu nyingi wanalikosea, na wazee wetu wengi pia.

Saa za kutazama kazi nilizifanya sehemu mbili, kliniki ya nje na hospitali. Chuo kilitaka jumla ya saa 40, hailipwi kitu. Kwenye kliniki nilishangaa jinsi PTA anavyokaa mikono nyuma, anamtazama mama wa watu anahangaika kunyanyuka kitini. Niliona kama ukatili. Hilo nitalirudia.

## Julai 2022: nimepata nafasi, makaratasi yanaanza

Hapa ndipo pesa ndogondogo zinapotoka bila kuaga. Uchunguzi wa rekodi za jinai na alama za vidole, kadi ya huduma ya kwanza ya moyo, bima ya mwanafunzi, sare, viatu, chanjo ya homa ya ini B, surua, tetekuwanga. Jumla yangu ilifika dola 610 kabla sijafungua kitabu.

Lililonisumbua zaidi ni kipimo cha kifua kikuu, na hili ni la kwetu sote tuliochanjwa BCG tukiwa wachanga. Walinichoma kile kipimo cha ngozi ya mkono, baada ya siku mbili pakavimba vizuri sana. Mara nimeandikwa "chanya", napelekwa kupigwa eksirei ya kifua, naambiwa huenda nikahitaji dawa za miezi kadhaa, na chuo kinaandika kwamba siwezi kuanza mpaka nisafishwe. BCG inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kionekane chanya hata kama huna maambukizi yoyote. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG. Niliomba kipimo cha damu, kikatoka hasi, mambo yakaisha, lakini nilikuwa nimeshalipa eksirei dola 140 na kulala macho. Ukifika kwenye hatua hii sema mapema: nimechanjwa BCG, naomba kipimo cha damu. Wasikuchome kwanza.

Ada: wenye green card wanaweza kuomba msaada wa serikali kuu wa Pell kupitia fomu ya FAFSA. Kiwango cha juu mwaka wa masomo 2022–23 kilikuwa dola 6,895. Sikupata chote kwa sababu mapato ya shifti za ziada za mwaka 2020 yalihesabiwa. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati kabisa.

## Oktoba 2022: mavazi ya maabara

Sikuliona likiandikwa popote, kwa hiyo naliandika.

Wanafunzi wa PTA wanajifunzia kwenye miili ya wenzao. Ili ushike misuli ya bega lazima bega lionekane, ili upime goti lazima paja lionekane. Karatasi ya kanuni ilisema kaptula na fulana isiyo na mikono, wanaume kwa wanawake. Mimi ni mtoto wa Tanga, navaa hijabu. Nilikaa na karatasi ile wikendi nzima nikifikiria kuacha.

Nilimwandikia mratibu wa kozi kabla ya maabara ya kwanza, si baada ya kukwama. Nikampa mapendekezo matatu badala ya malalamiko: niwe na wenzangu wa kike pale ninapoigiza mgonjwa, tutumie kitanda cha pembeni chenye pazia, na niruhusiwe kuvaa suruali pana ya kupandishwa na blauzi ya vifungo mgongoni. Alikubali yote siku ileile. Minneapolis ina Wasomali wengi, chuo kilishazoea. Kwa jimbo jingine sina hakika ingekuwa rahisi hivyo.

Ila upande wa pili hauna mjadala. Mimi kama mtoa tiba ninawashika wagonjwa wote, wanaume na wanawake, na nilipimwa hivyo. Kila mtu ajiulize hilo kabla ya kulipa. Na kuna jambo lilinifurahisha: somo la kumfunika mgonjwa, la kufunua tu sehemu unayoitibu na kuomba ruhusa kabla ya kugusa, nililifanya vizuri kuliko darasa zima.

## Desemba 2022: nimepata sapu

Mitihani ya vitendo inaendeshwa hivi: unapewa karatasi ya mgonjwa wa kuigiza, dakika chache za kufikiri, kisha unafanya huku mwalimu anaangalia. Kuna vipengele vya usalama ambavyo ukikosa kimoja umeanguka hapohapo, haijalishi mengine umepata ngapi. Hujafunga breki za kiti, umeanguka. Hujamfunga mgonjwa mkanda wa kutembelea, umeanguka. Ukishindwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, unadisko, unangoja mwaka ujao.

Karatasi yangu: mgonjwa wa kiharusi, upande wa kushoto umelegea, mhamishe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Nilijisemea, hii mimi ndiyo kazi yangu ya kila usiku. Nikaweka kiti upande wake wenye nguvu, nikafunga breki, nikainua vikanyagio, nikafunga mkanda. Kisha nikaingiza mkono wangu chini ya kwapa lake la kushoto, nikamnyanyua.

Mwalimu akasema, "Simama hapo."

Bega la mtu aliyepigwa kiharusi na misuli ikalegea limebaki likining'inia kwenye kano za kiungo tu. Ukimvuta kwapani unaweza kulichomoa kwenye kikombe chake. Nilikuwa nalijua hilo, nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani wa kuandika. Lakini mikono yangu ilikuwa na miaka sita ya nyumba ya wazee, ambako una wazee wengi na saa chache, na njia ya haraka ndiyo njia.

Maoni ya mwalimu yalikuwa na sehemu ya pili iliyonikaa zaidi. Akasema hata ningemshika vizuri, bado nilimnyanyua. Mgonjwa yule kwenye karatasi alikuwa anaweza kufanya robo tatu ya kazi mwenyewe, na mimi nikaifanya yote. "Umemhamisha," akasema, "hujamtibu."

Nilichofanya kabla ya sapu:

Niliomba wenzangu wawe wagonjwa na nikafanya zoezi lote mikono nikiwa nimeishika nyuma, kwa maneno tu. Sogea mbele ya kitanda. Rudisha miguu nyuma ya magoti. Pua ipite mbele ya vidole vya miguu. Sukuma kwa mkono mzima. Nikagundua sikuwa na maneno, kwa sababu siku zote mikono ilisema badala yangu. Maneno yalipokaa sawa, ndipo nikarudisha mkono mmoja kwenye mkanda na mwingine mbele ya bega, wa kulinda, si wa kuvuta. Na kazini usiku nikaanza kuhesabu moyoni hadi tano kabla ya kumsaidia mzee yeyote. Tano ni ndefu kuliko unavyodhani. Bosi alinilalamikia kwamba nimekuwa mzito.

Sapu nilipita.

## Julai 2023: vifaa na mashine

Muhula wa kiangazi naufupisha. Barafu, joto, umeme wa kutuliza maumivu, mawimbi ya sauti, kuvuta shingo na kiuno. Mawimbi ya megahezi 1 yanazama ndani zaidi, hadi kama sentimita 5, ya megahezi 3 yanaishia juu juu. Nilipoteza muda mwingi kukariri namba za mashine. Linaloulizwa na linaloumiza watu ni pale ambapo mashine hairuhusiwi: juu ya saratani, juu ya tumbo la mjamzito, karibu na betri ya moyo, kwenye ngozi isiyohisi. Anza na orodha ya makatazo, namba zitafuata.

Mgongano mmoja na familia ya nyumbani: wote wanadhani nasomea kuchua. Shangazi alinitumia ujumbe nimwelekeze mafuta gani. Kuchua kumo, ila ni sehemu ndogo sana.

## Desemba 2023: fildi ya kwanza, kliniki ya nje

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni kazi ya kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa, haina malipo, na ada ya krediti unalipa palepale. Nilibakiwa na shifti za wikendi tu. Kwa wiki zile mapato ya nyumba yalishuka karibu theluthi mbili. Weka akiba ya kodi ya miezi miwili kabla ya fildi, hata kama ni kwa kuuza gari la pili. Hili ndilo lililomwangusha mwenzangu mmoja, si masomo.

Wagonjwa wengi walikuwa wa magoti ya bandia. Kila mtu anakimbilia kukunja goti, mgonjwa anafurahi akiona digrii zinapanda. Mwalimu wangu wa fildi alinifundisha kuangalia kwanza kama linanyooka hadi sifuri. Goti lisilonyooka kabisa linamfanya mtu achechemee daima na kuchosha paja, wakati la kukunjika digrii 110 hivi linamtosha mtu kwa ngazi na viti vingi.

Lililonishinda ni kuandika. Ripoti yangu ya kwanza ilirudishwa imejaa wino. Niliandika "mgonjwa alivumilia mazoezi vizuri". Mwalimu akauliza: vizuri ni nini? Bima ikisoma hapa, itajuaje kwamba alihitaji mtu mwenye leseni, na si mtu wa kumhesabia tu? Nilibadilisha. Sasa naandika alichosema mgonjwa kwa maneno yake, nilichopima kwa namba, nilichorekebisha na kwa nini, na kinachofuata. Mfano: "Alitembea mita 45 kwa fremu ya kutembelea. Baada ya mita 20 alianza kuinamia kulia, nikamwelekeza kwa maneno mara tatu, akajirekebisha bila kushikwa." Hapo kazi inaonekana. Inachukua muda uleule. Nilijitengenezea fremu ya sentensi kwenye kijidaftari na ripoti zikaacha kurudi.

## Machi 2024: fildi ya pili, wodi ya ukarabati

Baadhi ya mambo hapa nimeyabadilisha ili mgonjwa asijulikane. Sheria ya faragha ya HIPAA haina mchezo na wanafunzi.

Alikuwapo mzee kutoka Kongo, amefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika. Nilifurahi: Kiswahili! Furaha ikakatwa. Kituo kikaniambia siruhusiwi kuwa mkalimani wake, lazima awepo mkalimani aliyehitimu, kwa simu au skrini. Nilikasirika mwanzoni. Baadaye nikaona mantiki yake: mimi nikisikia vibaya swali la dawa, hakuna wa kunisahihisha. Ruhusa niliyopewa ni kumsalimia na kumwongoza mazoezi niliyokwisha kukabidhiwa.

Tatizo halikuwa lugha, bali adabu. Watoto wake walikuja kwa zamu, na hawakumwacha hata ainue kikombe. Akitaka kukaa, wawili wanamnyanyua. Akitaka maji, yameshafika mdomoni. Na mimi nimelelewa hivyohivyo: mzee hasimami, wewe ndiye unayekwenda. Nilipomwambia, "Baba, simama mwenyewe, mimi niko hapa," binti yake alinitazama kama nimemtukana. Siku ya kwanza mzee aligoma kabisa, na mimi sikusukuma.

Nilimweleza PT, tukakubaliana kubadilisha zoezi bila kubadilisha lengo. Lengo ni la PT, njia ya kulifikia ilikuwa ndani ya mpango. Badala ya "simama mara kumi", tuliwaomba wajukuu waje mmojammoja wamwamkie, naye anyanyuke kumpokea kila mmoja. Kiti cha juu kidogo, mikono kwenye vishikio, pua mbele. Yeye ndiye mwenye nyumba, wageni wanakuja, ataketi vipi? Alisimama. Kwa binti nilimpa kazi yake: ashike mkanda nyuma, asivute mpaka nimwambie. Alipopata la kufanya kwa mikono yake, aliacha kuyafanya ya baba yake.

Wiki iliyofuata alilalamika shavu la mguu linamuuma. Binti alikuwa tayari ameleta mafuta, ananiomba nimchue. Nikalinganisha miguu: mmoja umevimba, una joto, na akibonyezwa anaruka. Hapa ndipo mipaka ya PTA inapokuwa na maana. Sikuchua, sikufanya zoezi lolote, sikumtembeza. Nilimlaza, nikamwita PT na muuguzi wakati uleule, nikaandika saa. Daktari aliagiza mishipa ipigwe picha, pakakutwa damu iliyoganda. Donge la namna hiyo likichuliwa linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Mzee alianzishiwa dawa, na baada ya ruhusa ya daktari tukaendelea na wajukuu.

Hakuna aliyeniomba nitoe jina la ugonjwa, na sikulitoa. Kuona, kusimamisha, kuita. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna mtu anayeiona kwenye matangazo ya vyuo.

## Julai 2024: mtihani wa taifa

Mtihani ni NPTE wa PTA, unaendeshwa na FSBPT, shirikisho la bodi za majimbo za fiziotherapia. Unafanyika kwa tarehe maalumu mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ukichelewa kujiandikisha unangoja miezi mitatu bila mshahara wa PTA. Mwaka 2024 ulikuwa na maswali 180, ambayo 140 yalihesabiwa na 40 yalikuwa ya majaribio, na huwezi kuyatofautisha. Alama zinapangwa kati ya 200 na 800, kufaulu ni 600. Ada ya FSBPT mwaka 2024 ilikuwa dola 485, kituo cha mtihani kinadai yake, jimbo linadai ya leseni. Jumla yangu ilipita dola 600. Nafasi ni tatu ndani ya miezi 12, na sita kwa maisha yote.

Mtihani wa mazoezi nilioununua ulinionyesha niko chini ya mstari. Nilikuwa nimesoma kwa kurudia vitabu kuanzia ukurasa wa kwanza, na kila mara nikachoka palepale kwenye misuli, nikaacha moyo, mapafu na neva. Nikageuza: kwanza maswali, halafu kitabu kwa yale niliyokosa tu. Kwa kila swali nililokosa niliandika sababu moja kati ya tatu: sikujua, sikusoma vizuri, au nilitaka kusaidia. Ile ya tatu ilikuwa nyingi kuliko zote. Swali linasema mgonjwa ameanza kuona kizunguzungu akiwa amesimama, unafanya nini kwanza? Jibu langu lilikuwa kumpa fremu imara zaidi. Jibu sahihi ni kumkalisha na kumpima presha. Mtihani mzima unauliza "kwanza", na mwenye mikono ya haraka anaumia.

Sitaandika maswali ya mtihani wenyewe, tumeapa. Nimefaulu.

## Oktoba 2024: kazi na hesabu

Usaili wa kwanza niliulizwa swali ambalo chuo hakikuniandaa nalo: ninajua nini kuhusu malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee? Kuanzia Januari 2022, tiba ya kliniki za nje inayotolewa na PTA, yote au zaidi ya asilimia 10 yake, Medicare inailipa asilimia 85 ya ile ambayo ingelipwa kama ingetolewa na PT. Kwa hiyo baadhi ya kliniki za nje zinapendelea PT. Sikupata kazi ile. Vituo vya wazee na huduma za nyumbani ndiko wanakotuhitaji zaidi, na huko ndiko nilikotoka, wakanichukua kwa mazungumzo mafupi.

Malipo: wastani wa kati wa PTA Marekani, takwimu za Mei 2023, ni dola 64,080 kwa mwaka. Mimi nimeanza chini ya hapo kidogo, ila ni zaidi ya mara moja na nusu ya nilichopata kama CNA, na usiku nalala.

Nilichotoa mfukoni tangu Septemba 2021, baada ya kuondoa Pell: ada dola 7,900 hivi, vitabu 820 (vingi vya mitumba), makaratasi na vipimo 750, tathmini ya vyeti 230, mtihani na leseni 640, mtihani wa mazoezi 99. Mishahara niliyoikosa wakati wa fildi ni kubwa kuliko vitabu na makaratasi vikijumlishwa. Mkopo uliobaki ni dola 3,200.

Kwa wenye diploma ya fiziotherapia kutoka KMTC, KCMC au kwingineko nyumbani: njia hii si yenu moja kwa moja. Anzieni FCCPT, wanaotathmini elimu ya nje ya fiziotherapia, na muulize bodi ya jimbo lenu kwa maandishi kabla ya kulipia muhula wowote. Kuna mmoja wenu ameanza hatua hiyo Agosti. Ameniahidi risiti zake, zikifika nitaziweka hapa kama sehemu inayofuata.